Bati peke yake si nyumba bora

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu kuhusu ujenzi wa nyumba zetu vijijini, hasa hapa Mtowisa na Bonde la Ziwa Rukwa kwa jumla.

Kwa kweli wananchi wa huku wamejitahidi. Ukipita barabara ya kutoka Muze kuja Mtowisa na kuendelea Ilemba, utaona matanuru ya matofali na mapaa ya bati yanayong'aa. Hayo ni jasho la mpunga, mahindi na ufuta, na hakuna wa kuyabeza. Lakini la kusikitisha ni kwamba siku hizi mtu huhesabiwa kuwa ana nyumba bora mara tu anapoezeka bati. Hakuna anayeuliza bati hilo limekalia nini. Matokeo yake, kila masika yakianza tunasikia habari zile zile: ukuta wa fulani umelala chini, paa la fulani limechukuliwa na upepo. Watu husema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nasema mara nyingi ni kazi ya mikono yetu wenyewe.

Jambo hili si geni. Mwaka 1977, alipokuwa akipima miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere aliwalaumu watu waliopumbazwa na bati na saruji, wakaidharau nyumba ya matofali ya kuchoma na vigae kwa kuwa saruji kwao ni udongo wa Ulaya. Leo matofali ya kuchoma tumeyakubali, lakini ugonjwa wenyewe haujapona. Bado tunanunua kinachoonekana barabarani na kuacha kinachoishikilia nyumba.

Ndugu Mhariri, nyumba ya udongo huuawa na maji kabla ya kuuawa na kitu kingine chochote. Sisi tunakaa chini ya Lyamba lya Mfipa, na mvua inayonyesha juu Ufipa hutushukia kwa vijito vyenye nguvu. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huu: kabla ya kuchimba msingi, waulize wazee maji ya masika hupita wapi. Kiwanja kikavu cha mwezi Agosti kinaweza kuwa mkondo mwezi Februari.

Pili, msingi uchimbwe mpaka ufike kwenye udongo mgumu, na usipungue futi mbili. Ujazwe mawe, ambayo huku hayauzwi dukani, kisha upandishwe juu ya ardhi kiasi cha sentimita 30 hadi 45. Juu ya msingi huo, kabla ya tofali la kwanza la ukuta, litandazwe karatasi la nailoni nzito ili unyevu usipande. Ule ukuta unaomomonyoka chini kama mkate uliolowa kwenye chai, mara nyingi umekosa mambo hayo mawili tu.

Tatu, matofali yapimwe kabla ya kujengea. Tofali lililoiva ukiligonga kwa lingine hulia kwa sauti kali. Ukililoweka kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi linatoka zima. Tofali bichi halina budi kukauka kivulini kiasi cha wiki mbili kabla ya kuingia tanuruni, kwa maana likikaushwa haraka juani hupasuka. Na kama matofali yameunganishwa kwa udongo, basi mistari ya nje izibwe kwa mchanga na saruji ili mvua isiichimbe.

Nne, paa litokeze nje ya ukuta sentimita 60 hivi. Watu wengi hulikata fupi ili kuokoa bati mbili au tatu, halafu kila mwaka wanakandika ukuta upya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote, yaani mkanda wa zege, au lenta kama mafundi wanavyouita. Nyumba nyingi za huku huwekewa kipande cha zege juu ya mlango na juu ya dirisha, basi. Kuta nne zinasimama kila moja peke yake kama watu wasiofahamiana. Mkanda unaozunguka nyumba nzima bila kukatika ndio unaozifanya kuta hizo kuwa kitu kimoja. Tena nondo au waya mnene unaochomoza kutoka ndani ya mkanda huo ndio unaofunga mbao za kenchi, hata upepo ukija usiondoke na paa. Misumari peke yake haitoshi.

Nina sababu ya kulisisitiza hili. Bonde la Rukwa ni sehemu ya Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba, 1910, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa takriban 7.4 lilitokea pande hizi za Rukwa, nalo ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa katika Afrika Mashariki. Wakati ule watu wengi walikaa katika nyumba nyepesi za miti na nyasi. Leo tumelalia chini ya matofali mazito. Tukitaka kujua tofauti yake tuwatazame wenzetu wa Kagera. Tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko dogo zaidi, la 5.9, lilibomoa na kupasua maelfu ya nyumba, zaidi ya watu 15 wakapoteza maisha, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya. Ardhi ilitikisika, lakini kilichowaangukia watu ni kuta.

Najua wapo watakaosema fedha hazipo. Haya, tufanye hesabu. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina mzunguko wa mita 28. Mkanda wa upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 15 unahitaji mifuko 6 hivi ya saruji na nondo 11 za mita 12, pamoja na ringi, mchanga na kokoto. Kuta za ndani zitaongeza kidogo. Mwenye uwezo wa kununua bati za rangi na milango ya chuma hawezi kusema mkanda umemshinda. Na ambaye kweli hana, heri ajenge vyumba viwili vilivyofungwa vizuri kuliko vinne vinavyosubiri kuanguka. Vile vingine ataviongeza baada ya mavuno.

Jambo la mwisho ni kuni. Tanuru moja hula miti mingi, na miti hiyo tunaikata kwenye miteremko ya Lyamba, ile ile inayotuzuilia mafuriko. Hivyo tunachoma tofali kwa mti ambao ungeilinda nyumba. Bonde letu linalima mpunga, na pumba zinatupwa mashineni. Sehemu nyingine zinazolima mpunga watu huchomea matofali kwa pumba. Kwa nini sisi tusijifunze? Yapo pia matofali ya kufungamana, yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono kwa udongo na saruji kidogo, wala hayachomwi. Kitengo cha Utafiti wa Nyumba kilianzishwa nchini mwetu tangu mwaka 1971. Ni aibu miaka yote hiyo kupita na mwananchi wa Mtowisa hajaliona tofali lenyewe.

Kwa hiyo naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga ijenge nyumba moja ya mfano katika kila kata, iwe hata nyumba ya mwalimu, na mafundi wetu waitwe washiriki kuanzia msingi mpaka kofia ya paa. Fundi wa kijijini hajifunzi kwa vipeperushi. Hujifunza kwa kushika mwiko. Nanyi ndugu zangu wenye nyumba, msimwachie fundi kila kitu. Simama hapo siku ya msingi na siku ya mkanda, maana siku ya bati kila mtu huja kutazama.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Mtowisa,
Sumbawanga, Rukwa.