MATUNDU YA MABOMBA UKUTANI



Sisi wa Molo hatuna haja ya kufundishwa ukali wa moto. Tarehe 31 Januari 2009, hapo Sachangwan, lori la petroli lilianguka, mafuta yakawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Leo lakini twasema juu ya moto upitao kimya ndani ya nyumba.

Ukuta wa matofali kati ya stoo na vyumba huzuia moto kwa muda, watu wapate kutoka. Fundi wa bomba akiutoboa asizibe, moshi hupita hapo hapo. Bomba la chuma laweza kuzungushiwa saruji. La plastiki sivyo: huyeyuka, likaacha tundu tupu katikati ya saruji nzuri. Hilo lataka kola yenye dawa inayovimba kwa joto, ilibane bomba mpaka tundu lizibike.

Wala povu la kawaida halifai. Mwaka 1975, katika kiwanda cha umeme wa nyuklia cha Browns Ferry, Marekani, wafanya kazi waliziba kwa povu tundu la nyaya ukutani, kisha wakapima upepo kwa mshumaa! Povu likashika moto, ukawaka karibu saa 7.

Twaambiwa kola ni ghali. Ghali kwa nani? Alalaye upande wa pili wa ukuta ni mfanya kazi na watoto wake.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yatutaka tumwarifu msimamizi tuonapo hatari kubwa. Basi kila tawi likague stoo na landhi, liandike matundu yote, na barua ifike ofisini kabla fundi hajalipwa.