Mipira ya matope katika barabara ya lami

Mara nyingi wababa wa jamaa hutuletea maswali juu ya shamba, nyumba na karo ya watoto. Juma hili swali ni la gari. Msidhani kwamba jambo hili ni la madereva peke yao. Gari la jamaa hubeba mama, watoto na mavuno ya mwaka mzima, na vyote hivyo hushikwa na nchi kwa mipira minne tu. Mahali ambapo mpira mmoja hugusa barabara si papana kuliko daftari la mwanafunzi. Basi uhai wa jamaa nzima umewekwa juu ya madaftari manne. Je, haifai tuyachague kwa akili?

Baba mmoja wa Lubumbashi alitujia na habari yake. Yeye na nduguze walinunua gari dogo la mizigo, ile kamyoneti yenye kuvutwa kwa magurudumu yote manne. Shamba lao li mbali: kilomita 80 kwa barabara ya lami iendayo Likasi, kisha kilomita 20 kwa njia ya udongo. Majira ya kwanza ya mvua walikwama mara mbili katika bonde moja, na mara ya pili walilala hapo pamoja na magunia yao. Kwa hiyo walikusanya fedha, wakanunua mipira ya matope yenye meno makubwa kupita yote waliyoyaona sokoni. Tangu siku ile hawakukwama tena, nao walisifiwa kijiji kizima.

Lakini mwezi wa Januari, wakirudi mjini mvua ikinyesha, walimkuta mbele yao mtu wa baiskeli aliyebeba makaa. Yule baba alikanyaga breki. Gari halikusimama, liliteleza kama mtumbwi majini. Aligeuza usukani ili asimgonge mwenye baiskeli, wakaanguka mtaroni. Mwenye baiskeli alipona, mke wake baba akavunjika mkono. Alipokwisha kutusimulia alisema hivi: «Matope hayakunishinda. Lami ndiyo iliyonishinda.» Kisha akauliza: «Je, mipira ile ilikuwa mibaya?»

Tulimjibu kwamba mipira haikuwa mibaya. Ilikuwa mizuri kwa kazi nyingine.

Tazameni jinsi ilivyo. Mpira wa matope una meno marefu yaliyoachana, na kati ya meno mna mifereji mipana. Katika tope jino huzama na kushika udongo ulio imara chini yake, na gurudumu linapozunguka, tope hurushwa nje ya mifereji, nayo huwa tayari kushika tena. Mpira wa barabara una mifereji myembamba. Tope huijaza, nao huwa laini kama chungu, ukazunguka bure.

Juu ya lami mambo hugeuka. Lami haina kitu cha kuchimbwa. Hapo kinachoshika ni mpira wenyewe kwa kuigusa barabara, nao wenye mifereji mipana huigusa kidogo. Tena meno marefu huyumba gari likikata kona au likifunga breki. Tena mpira wa barabara una mikato midogo mingi ya kufuta maji. Wa matope una michache. Kwa sababu hizo, katika mvua gari lenye mipira ya matope huhitaji nafasi ndefu zaidi ili lisimame. Pamoja na hayo mipira hiyo hulia kwa sauti kubwa, hula mafuta zaidi, na meno yake huchakaa upesi, hata upande mmoja kupita mwingine.

Sasa tuhesabu, maana hesabu haina upendeleo. Safari moja ya jamaa ile, kwenda na kurudi, ni kilomita 160 za lami na 40 za udongo. Kwa safari 100 katika mwaka hupata kilomita 16,000 za lami na 4,000 za udongo. Lakini udongo si tope siku zote. Huku Katanga, toka Mei hadi Septemba njia ni kavu na vumbi tupu. Na katika miezi ya mvua, tope la kweli ni yale mabonde mawili matatu tu, tuseme kilomita 3 kwenda na 3 kurudi. Kwa safari 50 za majira ya mvua ni kilomita 300. Basi, kwa ajili ya kilomita 300 walichagua mpira, wakasahau zile 19,700 zilizobaki.

Tena tupime hatari yenyewe. Katika tope gari huenda polepole kama mtu atembeaye kwa miguu. Likikwama, jamaa hupoteza siku moja na kuchafua nguo. Katika lami gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa nukta moja, na mwendo ukiongezeka mara mbili, nafasi ya kusimama baada ya kukanyaga breki huongezeka mara nne. Tope huchelewesha, lami huua. Mwenye busara huchagua kwanza kwa ajili ya kile kiuacho.

Je, tuwashauri nini? Ubavuni mwa mipira mingi ya magari kama hayo mtasoma herufi. H/T ni mpira wa barabara. M/T ni mpira wa matope. Kati yao uko A/T, mpira wa njia zote: meno yake ni ya kadiri, mifereji yake si mipana mno, na wengi wa namna hiyo wana mikato ya kufuta maji. Hauwezi kila tope, wala hautulii juu ya lami kama wa barabara, lakini kwa jamaa ipitayo njia zote mbili ndio ufaao mara nyingi. Mpira wa matope mwachieni yule ambaye kazi yake ya kila siku i msituni au machimboni, naye hupita lami kidogo na polepole.

Lakini herufi hazitoshi. Tazameni pia tarakimu. Mpira ulioandikwa 265/70R16 112 una upana wa milimita 265 na hufaa gurudumu la inchi 16. Ile 112 ni alama ya uzito, maana yake mpira mmoja huweza kilo 1,120. Alama 100 ni kilo 800 tu. Mbeba magunia asinunue mpira wa mbeba abiria. Tafuteni tena tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT: 2319 maana yake mpira ulitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mipira mingi iuzwayo sokoni imekwisha tumika ng'ambo. Huenda meno yake ni marefu, kumbe mpira wenyewe umezeeka na kupasuka nyufa ndogo ndogo. Watengenezaji wengi hushauri kuuacha mpira uliofikisha miaka 10. Rahisi huvunja upishi, wasema wahenga.

Wala msichanganye, ya matope nyuma na ya barabara mbele. Gari litashika upande mmoja na kuteleza upande mwingine; na katika gari la magurudumu manne, mipira isiyolingana ukubwa huharibu vyuma vya ndani. Msinunue pia mipira mikubwa kuliko ile ya kiwandani kwa kupenda sifa: breki hupungukiwa nguvu, na saa ya mwendo huonyesha kasi ndogo kuliko ile ya kweli.

«Na lile bonde je?» aliuliza yule baba. Bonde halishindwi kwa meno peke yake. Chukueni beleshi, mbao mbili, kamba nene na pampu ya upepo. Shukeni, mpime tope kwa fimbo kabla ya kuingia. Gari likiwa halina mzigo, mwaweza kupunguza upepo kidogo ili mpira utandae juu ya tope. Lakini mkifika lami jazeni tena hadi kipimo kilichoandikwa karibu na mlango wa dereva, kwa maana mpira wenye upepo haba ukienda kasi hupata moto na kupasuka.

Zaidi ya yote, jueni kungoja. Katika njia nyingi za udongo za nchi yetu huwekwa vizuizi vya mvua, na madereva hunung'unika sana wakisimamishwa hapo. Lakini njia iliyolowa, ikilimwa na meno makubwa, huwa makorongo. Jua likiwaka makorongo hukauka, na mvua ifuatayo huyajaza maji. Yule mwenye mipira mikali alipita. Yule amchukuaye mama mjamzito hospitalini hatapita. Njia ni ya kijiji kizima. Kungoja saa chache hadi udongo ukauke ni kuitunza kwa ajili ya wote.

Yule baba na nduguze wameuza ile mipira ya matope kwa mtu wa machimboni, wakanunua mipira minne ya njia zote, yenye alama 112. Bondeni wamemwaga mawe kwa mikono yao, kazi ya Jumamosi mbili. Mwezi uliopita walikwama tena mara moja, wakatoka kwa mbao na beleshi kwa muda wa saa mbili. Mke wake, ambaye mkono wake umepona, alikuwamo garini. Alipoona mumewe anakasirika kwa ajili ya tope katika viatu vyake, alicheka, akasema: «Tope huoshwa.»