Moto Nao Uandikwe

Sisi wa Gitaza tunajua mawese yaliyochacha. Yana asidi nyingi. Ukiyapika kwa alkoholi na kostiki soda ili upate dizeli, mengi yatageuka sabuni. Hapo hufaa kichocheo kigumu chenye asidi. Mwaka 2005 wataalamu wa Japani walieleza kimoja: sukari iliyochomwa bila hewa kwa nyuzi 400 hivi, kisha ikatiwa asidi ya salfuriki. Moto ukizidi mno, makaa hushika asidi kidogo na kichocheo hulegea. Maganda ya kokwa za chikichi nayo yamekwisha jaribiwa, na Rumonge hayakosi. Basi katika madaftari yetu ya kemia, tusiandike vitu tu. Tuandike moto na saa pia, ili wadogo zetu waweze kurudia jaribio.