Mawazo tunayo, kinachotukwamisha ni soko

Ndugu mwandishi, makala nzuri, ila hapo uliposema wabunifu wetu wa gemu wamepungukiwa mawazo sikubaliani nawe hata kidogo. Mimi natengeneza gemu hapa Kondoa. Panda Mungomi wa Kolo uwaone wale watu warefu wembamba waliochorwa mwambani kwa rangi nyekundu, vichwa vimetuna kama wamefuga nywele. UNESCO iliiingiza michoro hii kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mhusika wangu mkuu nimemtoa palepale. Kampuni moja ya nje niliyoiandikia ikanijibu niweke simba na Wamasai, eti ndiyo Afrika inayouzika! Ukiamua kuuza mwenyewe, Steam, duka la gemu la mtandaoni, inataka dola 100 kwa kila gemu kabla hujauza hata nakala moja, kisha inakata asilimia 30 ya mauzo. Kijana asiye na mtaji aanzie wapi? Na nyie mnaosema kwenye maoni hapo juu kwamba gemu ni uvivu, someni habari za Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu amnunulie kompyuta, naye akajifundisha mwenyewe hadi akabuni Salaam, gemu la mkimbizi anayekimbia vita. Mwaka 2018 alitambuliwa kwenye tuzo za gemu za The Game Awards huko Marekani. Wazazi wenzangu, mtoto akiomba kompyuta msimkatishe tamaa, na halmashauri zitutengee walau chumba chenye umeme na intaneti.