Lumbesa ya umri haitatufikisha Olimpiki

Ndugu Mhariri,



Mimi ni mkulima wa hapa Kibaigwa, wilayani Kongwa. Nalima mahindi, na jioni nikipata nafasi huwafundisha mpira watoto wa mtaani kwetu. Kila Olimpiki inapomalizika, sisi wapenzi wa soka hukaa kijiweni tukalaumiana kwa nini timu yetu ya wanaume haijawahi kufika huko. Huyu atasema kosa ni la kocha, yule atasema ni la viongozi wa mpira, mwingine atasema ni fedha. Sikatai kwamba hayo yote yana sehemu yake. Lakini nimegundua kuwa wengi wetu hatujui hata njia ya kufika huko inapita wapi.

Zamani njia hiyo ilikuwa ya timu kubwa. Nchi za Afrika zilipeleka wachezaji wao wa timu ya taifa wa umri wowote. Majirani zetu Zambia walipita humo. Walifuzu mwaka 1976, lakini wakasusia michezo ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa kupinga New Zealand kushirikiana na makaburu katika michezo. Walicheza Moscow mwaka 1980. Katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 waliifunga Italia mabao 4-0, na Kalusha Bwalya peke yake akafunga matatu.

Njia hiyo ilifungwa. Kuanzia Barcelona mwaka 1992, soka la wanaume la Olimpiki ni la vijana wasiozidi miaka 23. Tangu Atlanta mwaka 1996 timu iliyofuzu huruhusiwa kuongeza wachezaji watatu waliozidi umri huo, lakini hao ni wa kwenye Olimpiki yenyewe. Katika mchujo wa Afrika hawamo. Maana yake ni kwamba Taifa Stars hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kutupeleka Olimpiki. Watakaotupeleka ni vijana.

Na vijana hao hupimwa hivi. Tangu mwaka 2011 Shirikisho la Soka la Afrika lina mashindano ya chini ya miaka 23. Nchi huchujana nyumbani na ugenini mpaka zibaki nane, na hizo nane hukutana mahali pamoja. Kwa Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, Morocco, Misri na Mali zilizoshika nafasi tatu za juu zilifuzu moja kwa moja. Guinea iliyokuwa ya nne ililazimika kucheza na Indonesia ya bara la Asia, ikashinda 1-0. Sisi tulitolewa mapema, mwaka 2022, tulipotoka sare ya 1-1 na Nigeria mjini Dar es Salaam na kufungwa 2-0 kwao. Watoto wetu hawakudhalilika hata kidogo. Lakini hatujawahi kuwamo katika zile nchi nane.

Kina mama wana njia nyingine. Kwao hakuna kikomo cha miaka 23, na timu kubwa ndiyo inayochujana raundi baada ya raundi. Ndiyo maana Twiga Stars walifika raundi ya tatu ya mchujo wa Paris kabla ya kutolewa na Afrika Kusini Februari 2024. Nawapongeza. Tena Los Angeles mwaka 2028 timu za wanawake zitaongezwa kutoka 12 hadi 16, na za wanaume zitapunguzwa kutoka 16 hadi 12. Wanaume wenzangu, njia yetu inazidi kuwa nyembamba.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Hapa Kibaigwa tuna soko la kimataifa la mahindi, na sisi wakulima tunaijua lumbesa. Gunia hujazwa mpaka mdomoni, kisha huongezwa kichwa juu yake na kushonwa, halafu huhesabiwa gunia moja. Tumepigania miaka mingi mahindi yapimwe kwa mizani. Lakini sisi hawa hawa tunaochukia lumbesa sokoni, tunaishangilia uwanjani. Kijana wa miaka 17 anaandikwa kuwa ana miaka 13 na kuchezeshwa na watoto wa shule ya msingi. Hiyo nayo si lumbesa? Ni miaka mingi iliyoshonwa ndani ya gunia dogo.

Lumbesa hii imekwisha tuumbua. Mwaka 2005 Serengeti Boys, vijana wetu wa chini ya miaka 17, walikuwa wamefuzu kwenda fainali za Afrika nchini Gambia. Wakaondolewa kwa sababu ya umri wa mchezaji, na nafasi yao ikachukuliwa na Zimbabwe. Mwaka 2017 mambo yakageuka. Kongo Brazzaville walitutoa uwanjani, tukalalamikia umri wa mchezaji wao, wakaondolewa, nasi tukaenda Gabon. Hapo tulisema haki imetendeka. Je, haki ni tamu inapomkata jirani tu?

Wengine watasema siku hizi kuna kipimo cha mfupa wa kifundo cha mkono kwa vijana wa chini ya miaka 17, kwa hiyo tusihofu. Nasema kipimo hicho huwakuta wachache waliofika juu. Hakiwezi kumrudisha uwanjani mtoto aliyesukumwa nje akiwa darasa la sita.

Naandika haya kwa uchungu kwa sababu nami nina kosa. Miaka kadhaa iliyopita timu moja ya shule huku kwetu, ambayo sitaitaja, ilijiandaa kwa michezo ya UMITASHUMTA. Palikuwa na mtoto mmoja wa mguu wa kushoto niliyekuwa nikimfundisha jioni. Siku ya mwisho nafasi yake akapewa mamluki, kijana aliyekwisha anza kunyoa ndevu. Mtoto akanijia akaniuliza, "Baba, nimekosa nini?" Nikamwambia avumilie, mwakani atacheza. Sikwenda kwa mwalimu wala kwa mtu mwingine yeyote. Timu ilishinda, nami nikashangilia na wenzangu mpaka sauti ikakauka. Yule mtoto hakugusa mpira tena. Leo ni kijana, anasukuma mkokoteni wa magunia pale sokoni. Ni kazi ya halali, lakini kila ninapomwona nayakumbuka makelele yangu. Na yule mamluki naye hakufika popote, kwani alipotakiwa kukua kimpira alikuwa amekwisha zeeka.

Ndugu Mhariri, timu ya miaka 23 haitengenezwi katika miaka miwili ya mchujo. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2013 atakuwa na miaka 23 katika mwaka wa Olimpiki wa 2036. Huyo yuko shuleni, na pengine wiki hii kuna mtu mzima anayepanga kumpokonya nafasi yake. Kwa hiyo natoa rai kwa wahusika.

Kwanza, mtoto anapoingia UMITASHUMTA kwa mara ya kwanza aje na cheti cha kuzaliwa, tarehe yake iandikwe katika daftari moja, na tarehe hiyo hiyo imfuate UMISSETA mpaka timu za taifa. Pili, wazazi tuwaandikishe watoto mapema. RITA ina mpango wa kuwasajili walio chini ya miaka mitano bila malipo katika ofisi za kata na vituo vya afya, hivyo kisingizio cha gharama hakipo. Tatu, mwalimu anayechezesha mamluki asipewe kombe. Asimamishwe mbele ya wazazi na kueleza.

Na nne, linalotuhusu sisi watazamaji. Tukimwona mwenye ndevu kati ya watoto, tusishangilie. Tuseme pale pale, hata kama ni timu yetu na hata kama inaongoza. Mizani tunayoidai sokoni tuidai na uwanjani.

Mkulima na mpenda michezo,
Kibaigwa, Dodoma.