Kioo kinawaka, waya wa ardhi haupo: wenye nyumba wa Bunia, acheni hatari hii

Ninyi mliokimbia Djugu na Irumu na leo mnapanga chumba kimoja hapa mjini, leo nina neno na wenye nyumba. Tusikilize pamoja, maana jambo hili ni la maisha ya watoto wetu.

Siku hizi nyumba ya kupanga haisifiwi kwa paa wala kwa maji peke yake. Komisioneri anakupeleka moja kwa moja bafuni, anabonyeza swichi, kioo kinawaka pande zote nne, na hapo hapo bei inapanda. Kioo ni kizuri, sibishi. Lakini nyuma yake kuna nini? Katika nyumba nyingi ni waya mbili nyembamba zilizosokotwa kwa mkono, zikafungwa skochi, zikafichwa ndani ya ukuta wenye unyevu. Waya wa tatu, ule wa kijani na njano unaoshuka ardhini, haupo. Baba mwenye nyumba, hapo unamlipisha mpangaji pesa ya hatari yake mwenyewe.

Ukiuliza, utapewa majibu matatu. Tuyachambue.

Jibu la kwanza: «Ni taa ndogo za ledi, haziui mtu.» Kweli, ledi nyingi zinatumia volti 12 au 24. Lakini volti hizo zinatoka kwenye transfo iliyo nyuma ya kioo, na transfo hiyo inaingiziwa volti 220 zile zile za prizi ya sebuleni. Bunia iko juu, zaidi ya mita 1,200. Asubuhi ni baridi na watu wanaoga maji ya moto ya ndoo. Mvuke unapanda, unaingia nyuma ya kioo, unalowesha zile waya zilizosokotwa. Umeme ukivuja unafika kwenye fremu ya chuma, na wa kwanza kuigusa ni mtu mwenye mikono iliyolowa na miguu isiyo na viatu.

Jibu la pili: «Disjonkta iko.» Hapa ndipo watu wengi wanadanganyika. Disjonkta ya kawaida inalinda waya zisiungue, hailindi mtu. Ile ya ampea 10 inangoja zaidi ya miliampea 10,000 ndipo ishuke. Lakini miliampea 30 tu zikipita kifuani kwa muda zinaweza kuzuia pumzi na kuvuruga moyo. Mtu anaweza kufa na disjonkta isitikisike. Kinacholinda mtu ni diferansieli ya miliampea 30: inalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na ikiona sehemu fulani imepotea, inakata kwa kufumba na kufumbua. Na kibonye chake cha kujaribu kinaonyesha tu kwamba chombo chenyewe ni kizima. Hakionyeshi kwamba waya wa ardhi upo.

Jibu la tatu: «Umeme wenyewe hauji kila siku.» Hiyo ndiyo sababu ya kuogopa zaidi! Fundi anafungua waya kwa kuwa mtaa mzima uko gizani, hashushi disjonkta kuu, na umeme unarudi akiwa ameshika. Tena nyumba hiyo hiyo leo inatumia laini, kesho jenereta, keshokutwa sola. Jenereta ndogo nyingi hazikuunganishwa na ardhi, na hapo hata diferansieli inaweza isikate inavyotakiwa. Fundi anapaswa kukagua nyumba kwa kila chanzo cha umeme kinachotumika.

Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungulia kampuni binafsi mlango wa biashara ya umeme nchini. Ni vizuri. Lakini sheria haiingii bafuni na bisibisi. Anayeingia ni fundi, na anayemlipa ni mwenye nyumba.

Kwa hiyo ninadai haya, na si mengi. Diferansieli ya miliampea 30 kwenye laini ya bafu. Nondo ya ardhi iliyozikwa na kupimwa kwa chombo. Bomba la maji la plastiki si ardhi. Kioo kilichoandikwa IP44 au zaidi, maana yake hakiogopi maji ya kurukiwa. Kama kina alama ya mraba ndani ya mraba, chenyewe hakihitaji waya wa ardhi, lakini diferansieli bado inahitajika. Pasipo na beseni la kuogea, kioo cha volti 220 kikae si chini ya mita 1 na sentimita 20 kutoka bomba la dushi. Waya wa milimita za mraba 1.5, viungo ndani ya boksi lililofungwa, swichi nje ya mlango. Na kama bafu ni dogo kiasi kwamba kioo kitarukiwa maji, basi weka kioo cha kawaida na taa ya kuchaji. Hakuna atakayekufa kwa kukosa urembo.

Mtaniambia ni gharama. Aliyepata pesa ya kioo hawezi kukosa pesa ya kinachomlinda anayejitazama ndani yake.

Mama, baba, ninyi mliotoka kwenye hema za Kigonze mkapata chumba, najua mnaogopa kuuliza. Anayekimbia vita anaona aibu kulalamika, anaogopa kufukuzwa. Lakini bafu moja katika parseli linatumiwa na familia tatu au nne, na watoto wanaingia wakiwa wamelowa. Kabla ya kutoa garanti, ulizeni mambo matatu: diferansieli iko wapi? Waya wa ardhi unashuka wapi? Nani aliunganisha kioo hiki? Asiyeweza kujibu azime kioo hicho disjonktani mpaka fundi aje. Mkisikia hata mchomo mdogo mkononi, msizoee, ni onyo. Na mtu akinaswa, msimshike: kateni umeme kwanza, kisha mkimbizeni hospitali hata kama anasema amepona.

Kwenu wakuu wa avenyu: mnapita nyumba kwa nyumba kuandika wapangaji wapya. Ongezeni swali moja tu kuhusu umeme wa bafu, na jibu liandikwe mbele ya mwenye nyumba. Karatasi na kalamu tayari mnazo.