Kupe wa Kilosa na Suala la Ardhi

Kila inapokaribia Idd ng'ombe huvushwa kutoka bara kuja Unguja. Hatusemi kwamba wametoka Kilosa, lakini yanayotokea Kilosa na Mikumi yatuhusu sisi wa visiwani pia, maana ng'ombe aliyepona ndigana kali huonekana mzima ilhali bado amebeba vijidudu. Mbung'o tulimshinda, mwaka 1997 Unguja ilitangazwa kuwa haina mbung'o tena. Kupe tungali naye.

Ugonjwa huu, ambao Wamasai huuita oltikana, huenezwa na kupe wa kahawia apendaye masikio ya ng'ombe. Kupe huyo hunyonya damu mara tatu katika maisha yake, kila mara kwa mnyama mwingine, na baada ya kila mlo huanguka na kujificha majanini. Akinyonya nyati angali mchanga, vijidudu hubaki naye mpaka abadilike umbo, kisha akampanda ndama. Nyati mwenyewe haugui. Kwa hiyo si lazima nyati na ng'ombe wakutane. Yatosha wapite penye majani yale yale kwa nyakati mbalimbali.

Hifadhi ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964 na kupanuliwa mwaka 1975. Nje ya mipaka yake mashamba yamezidi kuingia katika malisho ya uwanda wa Mkata, na baadhi ya mashamba ya mkonge yaliyoachwa yamegeuka vichaka. Kupe huyu hukauka penye udongo mtupu, lakini hustawi penye nyasi ndefu na kivuli. Kiangazi kikikaza, mfugaji aliyebanwa na mashamba hupeleka mifugo yake pembezoni mwa hifadhi, ndiko kwenye nyati. Kisha huambiwa kwamba ng'ombe wamekufa kwa uzembe wake! Twaona kauli hiyo si ya haki.

Ardhi hiyo imekwisha kumwaga damu ya watu. Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Tangu wakati huo amani imezungumzwa sana, na ilistahili. Afya ya mifugo katika mgawanyo wa ardhi haikupata nafasi kama hiyo.

Wataalamu watatujibu kwamba yapo majosho, na ipo chanjo iliyofanyiwa utafiti Muguga, nchini Kenya. Ni kweli, na yafaa vitumike. Lakini chanjo hiyo hupungukiwa nguvu mbele ya vijidudu vitokavyo kwa nyati, na josho halimsaidii mfugaji ambaye njia ya kufika joshoni imekwisha limwa mahindi.

Hapana budi, basi, kila kijiji cha Kilosa kinapopangiwa matumizi ya ardhi, afisa mifugo na wahifadhi wa Mikumi wakae pamoja na mpima ardhi, na njia za ng'ombe kwenda majini na majoshoni zichorwe kabla ya shamba jipya kugawiwa. Huku kwetu, ng'ombe wakaguliwe na kuogeshwa dawa bandarini kabla hawajachanganywa na wa wenyeji.